Mji ukikugeuka: jinsi ubongo unavyojua njia, na kwanini ukifika Mwanza usiku jua linachomozea upande sio

Kuna kitu kinawapata watu wengi wanaokuja Mwanza kwa basi na wengi hawakisemi wasije wakaonekana washamba. Umetoka Dar alfajiri, kuanzia Shinyanga huko umesinzia, unashuka stendi ya Nyegezi usiku, unachukua boda mpaka kwa mwenyeji wako, unaoga, unakula, unalala. Asubuhi unatoka nje na jua linachomoza upande ambao wewe kichwani ulishaamua ni magharibi. Kwa akili unajua jua haliwezi kukosea, hilo tulifundishwa shule ya msingi, ila mwili unakataa kabisa, na hali hiyo inaweza kukaa wiki au mwezi, kuna watu wameishi mtaa mmoja miaka na mpaka leo wakiwa mtaa huo kaskazini kwao ni kusini. Wenyewe wanasema mji umenigeuka.

Sio ushamba na wala hujarogwa. Mwanasaikolojia wa Ufaransa Alfred Binet aliandika makala kuhusu hali hii hii mwaka 1894, kwa hiyo ni jambo la binadamu wote toka zamani. Na mimi nalipenda sana hili suala kwasababu ukishaelewa kwanini mji unageuka, umeelewa karibu mfumo wote wa jinsi tunavyojua tulipo na tunapoelekea.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba kichwani hatuna dira. Dira ni kitu kinachoonyesha kaskazini muda wote hata ukiitupa kwenye gunia. Ubongo haufanyi hivyo, ubongo unakisia halafu unasahihisha, unakisia tena unasahihisha tena, na hiyo kazi inaendelea kila sekunde unapotembea bila wewe kuambiwa. Mtu mwenye uelekeo mzuri ni yule ambaye makisio yake yanasahihishwa mara kwa mara, na anayepotea mara nyingi ni yule ambaye masahihisho yamekosekana au yamekuja yasiyo sahihi.

Tuanze na makisio yanatoka wapi. Ndani kabisa ya sikio, ukishavuka ngoma ya sikio, kuna mirija mitatu midogo iliyopinda nusu duara, imekaa pande tatu tofauti na imejaa majimaji. Ukigeuza kichwa, mrija unageuka na kichwa ila majimaji yanachelewa kidogo, yanasukuma vinywele vya seli zilizomo humo, na vinywele hivyo ndo vinaupelekea ubongo taarifa kwamba tumegeuka, kwa kasi hii, upande huu. Pembeni yake kuna vifuko viwili vyenye chembe ngumu ndogo sana za chokaa zinazohisi kuongezeka mwendo, kupungua mwendo na mvutano wa dunia, ndo maana hata ukifumba macho unajua juu ni wapi. Sikio kwa hiyo sio la kusikia tu, nusu ya kazi yake ni hii.

Lakini lina udhaifu mmoja mkubwa sana, linahisi mabadiliko tu. Kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, fumba macho, mwambie mtu akuzungushe taratibu kwa kasi ileile bila kubadilisha. Baada ya nusu dakika hivi utaapa kwamba umesimama, manake yale majimaji yameshafikia kasi ya mirija na hakuna tena kinachosukuma vinywele. Akikusimamisha utahisi unazunguka kinyume. Sasa basi linaposhika kona ndefu ya taratibu na wewe umelala, sikio haliandiki kitu, au linaandika kidogo mno. Umegeuzwa na kitabu cha hesabu hakina habari.

Makisio mengine yanatoka kwenye miguu na misuli, yaani ubongo unajua umepiga hatua ngapi na za ukubwa gani, na mengine yanatoka kwenye macho kwa kuangalia vitu vinavyopita pembeni yako. Ubongo unajumlisha vyote: nimeenda mbele kiasi hiki, nikakata kulia, nikaenda tena kiasi hiki, kwa hiyo nilipotoka ni kule. Mabingwa wa hesabu hii ni sisimizi wa jangwani wanaoitwa Cataglyphis, anatoka shimoni anazurura huku na huku kutafuta chakula, akishapata anarudi kwa mstari mnyoofu mpaka shimoni. Mwaka 2006 watafiti waliwabandikia sisimizi hawa nyongeza za miguu kwa singa za nguruwe, miguu ikawa mirefu, na wakati wa kurudi wakalipita shimo lao wakaanza kulitafuta mbele zaidi. Waliokatwa miguu ikawa mifupi waliishia njiani kabla ya kufika. Hesabu ya hatua ilikuwa sahihi kabisa, urefu wa hatua ndo ulikuwa umebadilika.

Na sisi hesabu hiyo tunayo ila kwetu inachafuka haraka, kila hatua ina kosa dogo na makosa yanajumlishana. Ukiachwa na hiyo peke yake hufiki mbali.

Hayo yote yanahesabiwa wapi? Hapa ndo kuna ugunduzi ambao kwa maoni yangu ni mmoja wa ugunduzi mzuri sana wa sayansi ya ubongo. Mwaka 1971 huko London, John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky walikuwa wanarekodi seli za panya kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ipo ndani usawa wa masikio, kila upande moja. Wakakuta seli ambayo inapiga umeme pale tu panya anapokuwa sehemu fulani ya chumba. Akiondoka inanyamaza, akirudi inaamka. Seli nyingine ina sehemu yake nyingine. Wakaziita seli za mahali. Mwaka 1984 Mmarekani James Ranck akaripoti aina nyingine, hizi hazijali upo wapi zinajali kichwa chako kimeangalia wapi, seli moja inapiga ukiangalia upande huu na nyingine ukiangalia upande ule, na mwaka 1990 Jeffrey Taube na wenzake wakazieleza kwa kina. Halafu mwaka 2005 kule Trondheim, Norway, maabara ya May-Britt Moser na Edvard Moser ikaonyesha seli za gridi, zipo jirani tu na hipokampasi, na seli moja inapiga sehemu nyingi kwenye sakafu ila sehemu hizo zimejipanga kwa pembetatu zinazolingana, sakafu nzima, utadhani mtu kapima kwa rula. Hizo zinaupa ubongo kipimo cha umbali. O'Keefe na hao wawili wakapewa Nobeli mwaka 2014. Na sio mambo ya panya tu, kwa wagonjwa wa kifafa waliowekewa waya kwenye ubongo kwa ajili ya matibabu zimeonekana seli za mahali na zinazofanya kazi kama za gridi.

Sasa sikiliza jaribio hili maana ndo linajibu swali la yule aliyeshuka Nyegezi. Panya anawekwa kwenye pipa la duara, ukutani kuna karatasi moja nyeupe, hakuna alama nyingine. Seli zake za uelekeo zinajipanga kwa kufuata ile karatasi. Panya anatolewa, karatasi inahamishwa upande mwingine wa pipa, anarudishwa. Seli zote zinageuka kuifuata karatasi, na zinageuka kwa kiasi kilekile, haibaki hata moja nyuma. Ni kama abiria kwenye kivuko cha Kamanga, kivuko kikigeuka wote wamegeuka, hakuna abiria anayebaki akiangalia alikokuwa anaangalia.

Kwa hiyo usiku ule kilichotokea ni hivi. Kichwani ulikuwa na makisio ya uelekeo toka Shinyanga, kona zikapita umelala, makisio yakawa yamepinda. Umeshuka, giza, boda imekupitisha vichochoro, hukuona ziwa wala kilima. Ukafika, ukaona mlango wa nyumba, geti, duka la pembeni lina taa, na ubongo ukachukua hivyo vitu ukavishikilia kwenye uelekeo uliopinda. Ndo karatasi nyeupe hiyo. Na kwasababu seli zote zinageuka pamoja, hutaona kosa ndani yake, kila kitu kinapatana na kila kitu, duka lipo mkono uleule wa geti, barabara inaenda palepale, ni jua peke yake ndo linakuja na habari tofauti. Kila siku unayotoka getini ukaliona duka, ule ushahidi wa uongo unaongezeka nguvu. Jua linashindwa kura.

Wengi wanaojaribu kujirekebisha wakiwa palepale nyumbani wanashindwa kwasababu hiyo, vitu vilivyobeba kosa vimewazunguka. Inayosaidia zaidi ni kwenda sehemu ambayo mji haujakugeuka, tuseme katikati ya mji pale karibu na Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani, mchana, jipange vizuri ziwa lipo wapi, halafu rudi mtaani kwako kwa miguu au kwenye daladala ukiwa macho wazi muda wote na ukihesabu kila kona. Unaingia mtaani na uelekeo sahihi uliotembea nao. Au panda mwamba mrefu ambapo unaona kwa pamoja ziwa na paa la nyumba yako. Inaweza kuchukua mara kadhaa, na kuna wakati utahisi kabisa mtaa unajizungusha mbele ya macho yako na kutulia, hisia ya ajabu kidogo ila haina madhara.

Mwanza lakini, nisiwatishe wageni, ni mji rahisi sana kwa ubongo ukiujua siri yake. Mwaka 2008 wale wa Trondheim walionyesha kuna seli nyingine zinazopiga pale mnyama anapokuwa kwenye mpaka, ukutani, ukingoni. Na kabla ya hapo watoto wadogo wa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili walishajaribiwa, mwaka 1994, mtoto anaonyeshwa kitu kinafichwa kwenye kona ya chumba cha mstatili, anazungushwa macho yamefunikwa mpaka apoteze uelekeo, halafu anaambiwa akitafute. Watoto walienda kwenye kona sahihi au ile inayofanana nayo upande wa pili, yaani walitumia umbo la chumba, hata ukuta mmoja ulipowekwa rangi ya bluu hawakuujali. Umbo na kingo za mahali ni kitu ambacho ubongo unakishika mapema sana.

Na Mwanza ina ukingo mkubwa sana, ziwa. Barabara kubwa ni tatu. Ukitoka Buhongwa kuja mjini kupitia Mkolani, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni unaelekea kaskazini na ziwa liko kushoto kwako. Ukitoka mjini kwenda Airport kupitia Kirumba na Pasiansi bado unaelekea kaskazini na bado ziwa liko kushoto. Ukichukua ya Musoma, ile ya Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, unaelekea mashariki na ziwa umelipa mgongo. Basi. Ziwa kwa mtu wa mjini ni magharibi, jua linazama ng'ambo ya maji upande wa Kamanga na Sengerema, na hospitali ya Bugando ipo juu ya kilima inaonekana toka sehemu nyingi. Ndo maana watoto wa huku waliokulia Igogo au Mabatini juu kule kwenye mawe, ambako hakuna barabara iliyonyooka hata mita hamsini, wanashuka na kupanda vichochoro usiku bila kupotea. Wanapotea wakihamia kwenye mitaa ya viwanja vilivyopimwa, tambarare, nyumba zinafanana, na ziwa halionekani.

Sasa toa ukingo, toa vilima, toa kila kitu. Nini kinatokea? Jan Souman na wenzake wa Ujerumani walilijaribu hilo na kulichapisha mwaka 2009. Waliwapeleka watu kwenye msitu wa Bienwald huko Ujerumani na wengine Jangwa la Sahara upande wa Tunisia, wakawafungia GPS na kuwaambia tembea moja kwa moja usikate kona. Siku za mawingu kule msituni watu walizunguka, walikatiza njia yao wenyewe bila kujua na bado walikuwa na uhakika wamenyooka. Jua lilipoonekana walinyooka kweli. Jangwani mmoja alitembea usiku kwa mbalamwezi, akanyooka vizuri mpaka mwezi ulipofunikwa na wingu, akapinda, akapinda tena, akawa anarudi alikotoka. Waliofungwa kitambaa machoni walizunguka duara dogo hata la mita 20. Kuna maelezo ya zamani kwamba mtu anazunguka kwasababu mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine, hapana, maana mtu yuleyule alipinda kulia muda mmoja na kushoto muda mwingine. Ni yale makosa madogo ya makisio yanayojumlishana, "mbele" yako inasogea polepole na hujui.

Ukielewa hilo utawaheshimu wavuvi wa dagaa. Wale wanatoka usiku, tena wanataka usiku wa giza, kwasababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa. Kwenye maji hakuna hatua za kuhesabu, mtumbwi unasogezwa na maji na wewe umekaa tu. Kule mwalo wa Kayenze nilimkuta mzee mmoja anaparua nyavu, nikamsalimia shikamoo baba, marahaba, nikamuuliza mkizima taa huko katikati mnajuaje nyumbani ni wapi. Hakuacha kuparua. Akasema, "Upepo wa usiku unatoka nyumbani. Ukiwa unarudi lazima uupokee usoni. Ukiusikia kwenye sikio, umeshapinda." Nikamuuliza na mvua ikija je, upepo ukigeukageuka? Akasema wanazima injini wanatia nanga wanasubiri, "Ukikimbia ndani ya mvua unajiongezea kupotea."

Sidhani kama kuna profesa angelisema vizuri zaidi ya hapo. Upepo ni sahihisho. Nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo usiku hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana inageuka inatoka ziwani kuja nchi kavu. Ile ya usiku inatoka pande zote za ziwa na kukutana huko katikati, ndo sababu mojawapo kwamba dhoruba za ziwa hili zinapenda usiku wa manane na alfajiri. Na kutia nanga maana yake ni kusimamisha hesabu kabla haijachafuka, kama huna cha kusahihishia basi usiendelee kukisia.

Kuhusu nyota na jua niseme kidogo maana kuna maelezo yanayozunguka mtandaoni ambayo yametungwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na huku hayafai. Ile Nyota ya Kaskazini huku Mwanza huioni, tupo kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta na yenyewe ipo chini ya upeo. Zinazotufaa ni zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja karibu karibu, zinakaa juu ya ikweta, kwa hiyo zinachomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Jua la saa sita nalo linadanganya, kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba lipo upande wa kaskazini na miezi iliyobaki lipo kusini, na karibu na tarehe za kubadilishana linakuwa utosini kabisa halikuambii kitu. Asubuhi na jioni ndo uliamini.

Turudi mjini. Kuna namna mbili za kujua njia na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kujua mfululizo: ukifika kwenye mwembe kata kushoto, ukiona mashine ya kusaga nyoosha, nyumba ya geti la bluu. Hii inakaa sehemu ya ubongo inayoshughulika na mazoea, ni ya haraka na haichoshi, ila mwembe ukikatwa umekwisha. Ya pili ni kuwa na ramani kichwani, unajua mwembe upo wapi ukilinganisha na soko na ziwa, hata njia ikifungwa unatunga nyingine palepale. Hii ndo kazi ya hipokampasi. Boda mkongwe wa mjini anazo zote mbili, ukimwambia pale Mabatini leo kumefungwa hafikirii hata sekunde tano, ameshakata.

Na hii ya pili inajengwa, watu hawazaliwi nayo imekamilika. Ushahidi mzuri ni madereva wa teksi wa London, wale wanatakiwa wakariri kama mitaa 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross na kujifunza kunachukua miaka mitatu minne hivi. Mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire mwaka 2000 alionyesha sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko za watu wengine. Wakasema labda ni kuendesha gari tu, mwaka 2006 akawalinganisha na madereva wa mabasi wanaopita njia ileile kila siku, wa mabasi hawakuwa nayo. Wakasema labda walizaliwa hivyo, mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett wakatoa matokeo ya wanafunzi 79 waliofuatiliwa toka mwanzo, 39 walifaulu, na walioongezeka ubongo ni hao waliofaulu, wakati mwanzoni wote walikuwa sawa. Ilikuwa na gharama pia, baadhi ya mambo mapya ya kuona na kukariri walifanya vibaya kuliko wengine. Ila hoja imesimama: ubongo wa mtu mzima umekua kwa kutafuta njia.

Kinyume chake ndo kinanipa wasiwasi, simu. Utafiti wa mwaka 2017 uliwachunguza watu wakipita kwenye picha za mitaa ya Soho London, walipojitafutia njia hipokampasi iliwaka kila walipoingia mtaa mpya wenye machaguo mengi, walipoambiwa tu kata hapa kata pale haikushughulika na machaguo hayo kabisa. Mwaka 2020 ukaja mwingine wa Kanada kwamba waliotumia GPS sana kwa miaka mitatu kumbukumbu yao ya njia ilishuka zaidi, kundi lililofuatiliwa lilikuwa dogo kwa hiyo usiuchukue kama neno la mwisho. Mimi sisemi tupa simu. Nasema angalia ramani yote kabla hujatoka, iache kaskazini ikae juu badala ya kuiacha izunguke na wewe, halafu iweke mfukoni. Na ukiwa unaenda sehemu ngeni geuka nyuma mara mojamoja, njia ya kurudi ina sura nyingine ambayo ubongo haujawahi kuiona.

Kuna maneno mengi kuhusu nani anajua njia na nani hajui. Mwaka 2016 ulitoka mchezo wa simu unaoitwa Sea Hero Quest uliotengenezwa kwa ajili ya utafiti, ukachezwa na mamilioni. Matokeo ya watu karibu 400,000 wa nchi 38 yalichapishwa 2022: waliokulia nje ya miji walikuwa bora kwa wastani kuliko waliokulia mijini, na tofauti ilikuwa kubwa kwenye nchi zenye miji ya barabara zilizopangwa mraba mraba kama Chicago. Mahali ulipokulia panabaki kichwani. Na lile la wanawake hawajui njia, matokeo ya mchezo huohuo ya mwaka 2018 yalionyesha tofauti ya wanaume na wanawake inakuwa ndogo kwenye nchi ambazo wanawake wana usawa zaidi na inakuwa kubwa ambako hawana. Ukimzuia binti kutoka na ukamtuma kaka yake kila siku mpaka Kirumba na Igoma, baada ya miaka kumi usishangae nani anaijua Mwanza.

Na sumaku? Ndege na kasa wanaihisi sumaku ya dunia, na sisi wengine tunajiuliza. Mwaka 2019 watafiti wa Caltech, chuo cha Marekani, waliwaweka watu kwenye chumba kilichokingwa mawimbi ya redio ya nje, wakageuza uelekeo wa sumaku kimyakimya, na mawimbi ya ubongo ya baadhi yao yakabadilika. Wenyewe hawakuhisi chochote. Kwa hiyo hata kama hisia hiyo tunayo, hakuna ushahidi kwamba imewahi kumsaidia mtu kufika nyumbani.

La mwisho nalisema kwa uzito kwasababu nimeona wazee wanateseka kwa hili. Ugonjwa wa Alzheimer unaanza kuharibu ubongo pale pale jirani ya hipokampasi, kwenye makazi ya zile seli za gridi, kabla mtu hajaanza kusahau majina ya wajukuu. Kwa hiyo dalili ya mapema inaweza kuwa kupotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Mama anatoka sokoni, njia ya miaka thelathini, anasimama njia panda hajui. Bibi anakutwa jioni kwenye boma la watu na hawezi kueleza amefikaje. Huku kwetu tunajua maneno yanayofuata hapo, na tunajua yamewafikisha wapi baadhi ya wazee. Huyo sio mchawi, ni mgonjwa. Kupotea ghafla kunaweza pia kutokana na maambukizi, kiharusi, sukari kushuka au dawa, na mengine ya hayo yanatibika yakiwahiwa. Mpelekeni hospitali, na aende na mtu anayekaa naye, amweleze daktari ilianza lini, alipotea njia ngeni au aliyoizoea, mchana au usiku, amewahi kuanguka, na dawa gani anazotumia.